Aliyepokea Mrija

Tulikuwa tunatafuta maji. Maji tu, si kingine, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama nyuma ya vilima vya Osukuru.

Naanzia hapo kwa sababu kuna watu husema tulifuata pombe. Waongo wakubwa! Wasichana wawili wa chuo cha ualimu, Wakenya, ugenini Tororo, mwaka wa pili tangu Uganda ipate Uhuru, tufuate pombe porini kwa nini? Tulikwenda kupanda mlima. Okurut, mwanafunzi mwenzetu, alitushawishi wiki nzima. "Nyinyi Wakenya mnajua kusoma tu," alikuwa akisema. "Jumamosi twende kwetu, mtaona dunia." Na mwoga kama yule sijaona. Mende akipita darasani, yeye yuko juu ya dawati. Nilimtania njia nzima, naye akicheka, akiniita Mama Mwalimu.

Jicho langu lilikuwa kwa Mildred, msichana mwenzangu. Tulipovuka mpaka pale Busia mwanzo wa muhula, mama yake aliushika mkono wa binti yake akautia ndani ya wangu. "Peninah, huyu ndiye wa pekee niliyebaki naye," akaniambia. "Nimekupa. Utanirudishia." Nikasema ndiyo, mama. Neno hilo ndilo lililonitia wazimu jioni ile.

Tukishuka mlimani, chupa zetu zilikuwa zimekauka. Okurut akakata bondeni kutazama kisima. Sisi tukaona boma, vibanda vitatu vya nyasi, ua umefagiwa safi. Mildred akatangulia. Mimi nikabaki nyuma kidogo kutoa mwiba kwenye kiatu.

Nilipoingia uani, alikuwa ameshaketi kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayotiwa maji moto, watu wakaizunguka na kuinywa kwa mirija mirefu. Ila hapa hapakuwa na watu. Chungu kimoja, mrija mmoja. Nyuma ya Mildred alisimama bikizee mrefu, mwembamba.

"Mama huyu amenipa mrija wake," Mildred akasema. "Nimemwambia nina kiu."

Hata kwetu Samia mgeni hupewa mrija, na kuukataa ni kukosa adabu. Mildred alifanya alivyofunzwa nyumbani.

"Asante, mama," nikamwambia bikizee.

Alikuwa akinyoosha mgongo, polepole, kama mtu aliyekaa mno. Ndipo nikaisikia harufu... udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo. Akageuka, akaingia kibandani bila kuinama.

Mlango ulikuwa mfupi kuliko yeye.

"Mildred, twende."

Fyuuu... fyuuu... Alikuwa akifyonza.

"Mildred!"

Akanigeuzia macho. Yalikuwa yamejaa machozi, lakini mdomo haukuachia mrija. Nikamvuta mkono, wa baridi. Nikamkumbatia kiunoni nikamwinua kwa nguvu zangu zote, na mimi si mtu mdogo, wala hakutikisika. Tumbo lake likaanza kuumuka chini ya gauni. Chungu kikabaki kimejaa pomoni. Nikakipiga teke. Kidole changu kikavunjika, na pombe haikumwagika hata tone.

Nikapiga mayowe. Okurut akaja mbio, chupa mkononi. Alipokiona chungu, chupa ikamdondoka.

"Nani alimpa?" akanong'ona.

"Bikizee. Ameingia humo ndani. Okurut, anakufa huyu!"

"Alimpa kwa mkono?"

"Ndiyo! Kwani nini?"

Meno yakimgongana, akanieleza. Kwao mtu haachi mrija ukakaa peke yake. Akitaka kuinuka, humkabidhi mwingine, mkono kwa mkono, na huyo ndiye anayeipokea nafasi yake. "Hii boma watu walihama," akasema. "Huyo mama ni Among. Walimzika hapo nyuma, mimi nikiwa mdogo. Alikufa amekaa kwa pombe, mrija kwa mkono. Hakuna mtu alipokea."

"Sasa je?"

"Sasa amepata mtu. Jua ikiingia, basi. Mildred haamki tena."

Nikatazama mlimani. Jua lilikuwa limebaki ukucha tu.

"Na mwingine akimpokea?"

Okurut akautazama mrija. Jibu nililiona usoni pake.

Mungu wangu! Nilimwona mama yake Mildred amesimama pale mpakani, anangoja. Nikanyoosha mkono wa kulia. Vidole vilikuwa karibu kabisa kugusa...

Mkono mwingine ukapita juu ya wangu.

"Mama Mwalimu," Okurut akasema, analia waziwazi, "wewe uliahidi mama yake. Na mimi ndiye nilileta nyinyi hapa."

Akaushika mrija, na Mildred akamwachia mkononi.

Mildred akaanguka ubavu, akatapika maji meusi yenye mchanga. Okurut akaketi. Nilimvuta, Mungu anaona, nilimvuta mpaka shati lake likachanika mikononi mwangu. Akanipungia kwa mkono wa kushoto: nenda, nenda. Fyuuu... fyuuu...

Nilimbeba Mildred mgongoni hadi kwa baba yake Okurut, kidole kimevunjika, nikilia njia nzima. Wanaume wakatoka na mienge. Wakalikuta boma limeota nyasi kimo cha mtu. Chungu kilikuwa kimepasuka, kina utando wa buibui ndani. Mrija ulikuwa umelala juu ya kigoda, ncha yake bado ina mate.

Okurut hakuwepo.

Baba yake aliuokota mrija ule akaketi nao, akimwita mwanawe kwa jina. Hakuna kilichotokea. Mrija wa kuokota haumtoi mtu, mpaka akukabidhi mwenyewe. Asubuhi nduguze walimbeba mzee kwa nguvu, mkono bado kaunyoosha.

Mildred nilimrudisha kwa mama yake. Leo ana wajukuu. Hakumbuki kitu. Ukimtajia Okurut anauliza, "Yupi huyo?" Hilo linaniuma kuliko yote.

Mimi nakumbuka. Kila Jumamosi jua likiinama, popote nilipo, naisikia karibu na sikio... fyuuu... Halafu inakoma. Halafu inakuja sauti ile ya utani, imekauka siku hizi:

"Mama Mwalimu. Nimechoka. Nipokee kidogo tu."

Namhurumia hadi machozi, na ana haki ya kuniita. Ndiyo maana nikienda kulala, naulalia mkono wangu wa kulia kwa uzito wangu wote.

Asubuhi naukuta umenyooka nje ya blanketi, kiganja wazi.