Kadi ya Zamani Naitoa

"Fundi yuko wapi jamani? Wengine tuna vipindi," alifoka mwalimu Aidan, kabanwa na foleni ndani ya stesheneri ya Msamala, mjini Songea.

"Fundi unamkanyaga vidole," sauti ikamjibu kutoka chini ya meza.

Ndivyo walivyokutana. Lidwina, fundi kompyuta wa pale, alichomoka na vumbi kichwani, kitenge cha njano kimefungwa juu ya jinzi, bisibisi mkononi. Aidan, na shati lake jeupe lililopigwa pasi likapigika, akasahau mitihani aliyokuja kuchapisha. Aliomba radhi mara tatu. Kesho yake alirudi bila karatasi hata moja, na dada Biasha, mwenye duka, akajua mambo yameiva.

Miezi saba walipendana, simu haziwekwi chini. Huyu anaita kipenzi, yule anajibu abee mkanyaga vidole wangu. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Aidan alitaka akishamwoa aache kutambaa chini ya meza za watu, maana ndugu zake kule Mbinga wangeona vibaya. Lidwina alimwambia wazi kwamba anampenda hadi chakula hakipiti, lakini bisibisi haiweki chini. Amtake nayo au aache. Aidan akasema atafikiria. Eti atafikiria, kama mtu anayechagua viatu mnadani.

Basi Jumamosi moja Lidwina alikuwa shuleni kwa Aidan, anapiga windo mpya, ile programu ya kuiendesha, kwenye kompyuta kubwa ya maabara, ile inayozigawia nyingine mtandao. Kila akifika kwenye kuunganisha, mtandao unashika kidogo, unakata. Alihangaika tangu asubuhi. Alipofungua boksi la kompyuta akacheka peke yake. Ndani kulikuwa na kadi za mtandao mbili, moja ya zamani na moja mpya iliyonunuliwa kwa Fulgence, fundi mwenzake wa mjini, na zote zimepewa namba ileile. Ikiitwa moja, zinaitika mbili. Akampigia Biasha kumweleza, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi apaze sauti.

"Dada Biasha, kadi ziko mbili, zinagombana. Hii ya zamani naitoa leo. Ya Fulgence ndiyo inabaki."

Nje ya dirisha alisimama Aidan na chipsi mayai alizomletea mpenzi wake. Sasa nani asiyetujua sisi? Ukisema kadi, mtu wa Songea haoni kompyuta. Anaona kadi ya harusi yenye riboni, imeandikwa singo ya mtu mmoja au dabo ya wawili, na mlangoni wanaikagua. Tena huyo Fulgence aliwahi kumposa Lidwina mwaka juzi, akakataliwa. Aidan akajiona yeye ndiye kadi ya zamani. Mwanaume mzima akageuka na chipsi zake, hakuuliza hata neno.

Siku nne hakupokea simu. Ya tano akatuma ujumbe: nawatakia maisha mema wewe na Fulgence, kadi yangu msihangaike kuileta. Lidwina aliusoma mara mbili kabla hajaelewa. Alicheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikaishia kwenye hasira. Biasha alimshauri aende taratibu, amwombe mwenzake msamaha, wanaume ndivyo walivyo. Msamaha wa kosa gani? Alichukua simu ya Biasha akapiga.

"Haloo, dada Biasha," Aidan akaitika.

"Si Biasha. Vipindi vikiisha nikukute maabara. Na uvae shati la kuchafuka."

Alikuja na shati jeupe vilevile, macho yamemvimba. Lidwina hakumsalimia. Alimpa bisibisi, akamwonyesha chini ya meza, akamwamuru afungue boksi lile kwa mkono wake. Aidan akapiga magoti, akafungua skrubu moja moja, jasho linamtoka. Ndani akaona kadi moja, na pembeni yake nafasi tupu.

"Ya zamani ilikuwa hapo," Lidwina akasema. "Ilikuwa inagombea namba na hii ya Fulgence. Nikaitoa."

"Kwa hiyo kadi..."

"Ya mtandao, mwalimu."

Aidan akakaa sakafuni na shati lake. Kisha akasema la moyoni.

"Niliogopa. Nilijua Fulgence hawezi kukuambia uache kazi."

"Hawezi, kweli. Na bado nilikutaka wewe. Ninakutaka hata sasa, Aidan, ndiyo maana nimelia siku nzima. Lakini sitazimwa ili wewe uwake. Mbinga wakisema, waseme."

"Watasema kwangu," Aidan akajibu. "Nitawaambia mke wangu ni fundi. Asiyetaka asije harusini."

Lidwina alimtazama usoni mpaka akaridhika. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ile kadi ya zamani. Kwenye bati lake alikuwa ameandika kwa kalamu nene ya makapeni: MWL. AIDAN, JUMAPILI.

"Kwa baba yangu mdogo Gaspari, saa nane, na mshenga wako," akasema. "Huna kadi, huingii."

Aidan akaigeuza huku na huku, vumbi limemjaa kifuani, meno yote nje.

"Hii ni singo au dabo?"

"Ingia nayo singo," Lidwina akamjibu, akimpokonya bisibisi. "Dabo utatoka nayo."