Majani Yasiyo ya Ng'ombe

Mukantwari hakuwa na shahada. Hakuwa na gari wala ndugu wa kumpigia simu ofisini. Hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo alicheka akiziba mdomo kwa kitenge. Hata sauti kubwa hakuwa nayo. Lakini, ndugu zangu wa Rubavu, mwanamke huyo aliponya udongo, na mimi jirani yake nimeona kwa macho yangu.

Nyumba yao iko chini ya barabara ya Nyundo. Asubuhi ungemkuta akipalilia viazi, binti yake Teta akijiandaa kwenda shule, ng'ombe wao mmoja akitafuna zizini, na juu, kando ya barabara, mume wake Bizumuremyi akifungua gereji huku akipiga mluzi. Nani angesema nyumba ile ina adui?

Adui alikuwa oili. Kila alipobadilisha oili ya gari, Bizumuremyi aliimwaga ile chafu nyuma ya gereji, na mvua ikaiteremsha hadi shambani. Mwaka mmoja viazi vilitoka vidogo. Uliofuata vilioza. Kisha hakuna kilichoota, na udongo ukanuka kama injini.

"Mama Teta, hii shamba imekufa," mume alisema. "Tutaweka kokoto, malori itapaki."

"Limekufa lenyewe, au limeuawa?"

"Bon, umeanza maneno yako."

"Nipe miaka mitatu. Lisipozaa, lete kokoto zako."

Akacheka. "Chukua hata ine! Udongo haiende hospitali."

Kumbe huenda. Claudette, mtaalamu kijana wa maabara moja ya mimea huko Musanze, alikuja kwenye mkutano wa ushirika wetu wa wakulima na miche ya nyasi iitwayo vetiva. Ilikuzwa ndani ya chupa, na mizizi yake ikachovywa kwenye maji yenye vijidudu vinavyokula mafuta. Elewa vizuri, msomaji, maana hapa wengi hubabaika. Nyasi yenyewe haili oili. Mizizi yake hushuka chini sana na kuvipa vijidudu hewa na chakula, navyo huyavunja mafuta polepole. Lakini oili iliyotumika huwa pia na madini kama risasi, na hayo hayavunjwi na kijidudu chochote. Mengine hushikwa mizizini, mengine hupanda hadi majanini.

"Kwa hiyo, mama," Claudette alimwambia, "kiangazi kikija majani haya yatakuwa ya kijani kuliko yote hapa mlimani. Usimpe ng'ombe. Yakate, uyafukie kwenye shimo lililotandikwa turubai."

Mukantwari alikwangua udongo mweusi wa juu, akachimba mfereji wa kuzuia oili mpya, akawa anaichota kwa ndoo na kuitia kwenye pipa. Kisha akapanda. Mafundi wa gereji walimwimbia kutoka juu: "Mama Teta, utatupikia majani na maharage?"

"Nitawapikia," alijibu. "Mafuta ya kukaangia mnayo ninyi."

Kiangazi cha pili kilikuwa kikali. Mukantwari na Teta walikwenda Karagwe, Tanzania, alikozaliwa mama huyo, kumzika shangazi yake, wakakaa wiki nzima. Waliporudi, Bizumuremyi aliwapokea na kibuyu cha maziwa.

"Karibuni! Iko maziwa mingi, ng'ombe inatoa kama bomba!"

Teta akapokea kikombe. Mama yake alikuwa ameinama kuvua viatu, jicho lake likaangukia hori la ng'ombe. Aliona vipande vya majani membamba, magumu.

"Teta! Weka chini!"

"Iko nini?" mume akashtuka.

"Baba Teta, majani haya umekata wapi?"

"Wapi ingine iko kijani? Ng'ombe iko na njaa, mi niangalie tu ikufe?"

"Na wewe umekunywa?"

"Kila siku." Akajishika tumboni. "Tumbo ndiyo inanisokota."

Alitibiwa hospitalini, akapona. Claudette alipima maziwa, akakuta risasi. Amri ikatoka: yasinywewe wala kuuzwa mpaka kipimo kiwe safi. Nanyi mnajua maziwa ni nini kwetu. Mtu hamwagi maziwa. Mukantwari alimkabidhi mumewe kibuyu.

"Mwaga wewe."

Wiki sita, asubuhi na jioni, Bizumuremyi alikamua ng'ombe wake na kumwaga maziwa kwenye shimo la majani, mafundi wake wakitazama. Siku ya tisa aliketi kando ya shimo, akalia mbele ya watu.

"Mama Teta," alisema, "kumbe mi nakunywa gereji yangu."

Kesho yake alinunua mapipa ya kuwekea oili chafu. Toka hapo hakuna tone lililogusa ardhi, na alikata majani bega kwa bega na mkewe.

Mwaka wa tatu ulipotimia, Claudette alichukua udongo sehemu saba za shamba. Jibu likaja: mafuta yamekwisha, na risasi imeshuka chini ya kiwango cha hatari. Aliwaletea mbegu za viazi zisizo na ugonjwa, nazo za maabara. Zilikuwa ndogo kama gololi, lakini walipovuna na kuzipanda tena, walijaza magunia kumi na tisa. Viazi vyenyewe vilipimwa pia, vikaonekana salama. Mafundi wale wale walivipandisha barabarani vichwani, wakiimba wimbo mwingine!

FUNZO

Taka uliyoimwaga nyuma ya nyumba haijaondoka. Inapita shambani, inapita kwa ng'ombe, inaingia kikombeni mwa mtoto wako. Sayansi ya mimea inaweza kutusafishia ardhi na kutujazia ghala, lakini ina masharti yake, na anayeyadharau hugeuza dawa kuwa sumu. Na wewe usiye na shahada, usijidharau. Uliza, sikiliza, kisha fanya kama ulivyoelezwa, hata ukichekwa.

Jumatatu iliyopita Bizumuremyi aliandika kwa mkono wake: "Claudette, oili ni mi nilimwaga, miaka kumi na moja. Nyuma ya gereji ingali chafu. Naomba miche mia sita. Mashimo nimeshachimba, na majani nitalinda mwenyewe." Akaikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akashuka mjini, akamkabidhi karani wa mabasi, na basi la Musanze likaondoka nayo.