Makofi Kwenye Matete

Yalisikika makofi mawili mlangoni, mchana kweupe, na Sekela akaitikia "Karibu" kabla hajatazama. Hakukuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, kinanuka tope la kule ndani kwenye matete, na kiangazi kilishakausha uwanja mzima.

"Ni Kasmir huyo," mumewe Jafeti alisema. "Anatuchezea."

Jafeti, mtu wa Mbeya, alilinda hifadhi ya ndege kwenye kinamasi nyuma ya kijiji cha Pito. Alilinda pamoja na mzee Kasmir, Mfipa, ambaye kila asubuhi kabla ya kukanyaga maji alichuchumaa akapiga makofi mawili.

"Mzee, hao bata wanakuitikia?" Jafeti alikuwa akimtania.

"Nabisha hodi kwa wenyewe, kijana. Siku wakija kwako, nawe utataka wabishe."

Jafeti alicheka. Mlokole abishe hodi kwa majini? Lakini, Mungu amrehemu, mlokole huyo ndiye aliyetoa mayai mawili kwenye kiota cha korongo taji, akamchemshia mkewe mjamzito aliyekuwa na hamu ya mayai, akamwambia ni ya bata. Mkubwa wao wa kazi alipouliza mayai yamekwenda wapi, akamsingizia Kasmir. Mzee akafukuzwa kazi.

Sasa makofi yalikuja kila siku. Jafeti alikemea kwa jina la Yesu huku moyoni anajua kinywa chake si safi, na kila alipokemea harufu ya tope ilizidi, ikaingia kwenye unga, kwenye mashuka, kwenye nywele za Sekela, ambaye siku hizi aliosha vyombo amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja, na akiulizwa anajibu kwa sauti ndogo kwamba ndivyo anavyopumzika.

Jafeti akamfuata Kasmir kwake, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nilikusingizia. Mayai nilichukua mimi. Waombe wamwache mke wangu."

"Mayai yako wapi?"

"Sekela aliyala."

Mzee alivaa makubazi yake.

Wakampitia Sekela, wakasimama wote watatu ukingoni mwa matete. Kasmir akachuchumaa, akapiga makofi mawili. Kimya, hata chura hakulia. Akapiga tena.

Jibu likatokea nyuma yao.

Sekela alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono inaning'inia, na ndani ya tumbo lake, chini ya khanga, kulisikika polepole: pa, pa.

"Hao hawafukuzwi, mwanangu," Kasmir alinong'ona. "Walibisha hodi, wakakaribishwa."