Upinde wa Vipande Viwili

Maranda yalikuwa na joto. Isidori aliyagusa asubuhi alipoinama kuyafagia chini ya meza yake ya useremala, akadhani ni jua. Lakini jua lilikuwa bado halijafika mlangoni, na maranda yenyewe yalikuwa ya jana. Akayashika tena. Lilikuwa joto la kitu kilicho hai, kama la kiota ambacho kuku ameinuka sasa hivi. Akayazoa, akayamwaga nje, akaendelea na kazi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1996, pale Sitalike. Isidori alikuwa Mkonongo, fundi wa vitanda na milango, mtu wa maneno machache. Mkewe, Séverine, alikulia kwenye makazi ya wakimbizi wa Kirundi kule Katumba, na binti yao wa pekee, Lucia, alikuwa anasoma Mpanda. Lakini kazi iliyokuwa mezani siku hizo haikuwa kitanda. Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma kutoka Majimoto, alikuwa amemwomba upinde. Fisi walikuwa wanammalizia ndama, na kila alipopita na upinde barabarani kando ya hifadhi, askari walimnyang'anya.

"Nitengenezee unaofunguka katikati, fundi," alisema Nkwabi. "Niutie kwenye gunia la mpunga, nikifika zizini niuunge."

Isidori hakuwahi kutengeneza kitu kama hicho, na moyo wake ukakipenda. Kando ya mto Katuma alipata mti wa mkole ulionyooka, akaukata, akaupasua kwa urefu ili mikono yote miwili ya upinde itoke kwenye mti mmoja na ipinde sawa. Katikati aliweka kipande cha bomba la baiskeli cha kuunganishia. Kwenye shina la mkole ule palikuwa pamefungwa vitambaa vyeupe vilivyochakaa, kama vya tambiko. Alijiambia vimeletwa na mafuriko, ingawa alijua vizuri kwamba maji hayafungi fundo.

Alipoupinda upinde mara ya kwanza, mkono wa chini ulikuwa mgumu kuliko wa juu. Hilo ni jambo la kawaida. Unaukwangua ule upande mgumu kwa kipande cha chupa, kidogo kidogo, mpaka yote miwili ikubali sawasawa. Akakwangua siku nzima. Jioni, Séverine aliangusha mwiko.

"Mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi," alisema. "Tena ni wa baridi, Baba Lucia. Hebu shika."

Siku ya tatu bangili ilichomoka kwenye mkono ule ikaanguka yenyewe. Zahanati walimpima, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Siku ya tano Isidori alikuwa anakwangua, akasikia mkewe analia jikoni. Akaacha. Kilio nacho kikaacha. Akakwangua mara moja tu, taratibu, huku akiomba asisikie kitu, na Séverine akapiga ukelele kama mtu anayechunwa.

Chupa ilimtoka mkononi. Alikimbia jikoni akamkuta amekaa chini, ameukumbatia mkono ule kifuani, na mkono wenyewe ulikuwa umepungua, lakini si kwa kukonda kwa ugonjwa. Ulikuwa bapa upande mmoja, laini, kama kitu kilichopitishwa randa.

Hakumwambia alichokiona. Alifunga karakana kwa kufuli, akaenda kukaa karibu na mkewe. Kesho yake, jua likiwa utosini, kuku wamejificha kivulini na barabarani hakuna mtu, ilisikika sauti ya chupa juu ya mti, krrr, krrr, krrr, na harufu ya tope la viboko ikajaa uani ingawa mto ulikuwa mbali, na ndani Séverine akaanza kulia, na Isidori akakimbia na ufunguo, akafungua, akasukuma mlango, akaona vipande viwili vya upinde alivyoviacha mbalimbali sasa vimeungana juu ya meza, na chini yake lundo la maranda mapya yanafuka mvuke, na karakana nzima hamna mtu.

Aliubeba upinde mbio mpaka mekoni. Kabla haujaugusa moto, Séverine alipiga yowe kutoka chumbani.

"Naungua! Nyie, naungua!"

Akaurudisha nyuma. Alipokwenda kumtazama, bega la mkewe lilikuwa limejaa malengelenge.

Nkwabi ndiye aliyemleta shangazi yake Ng'washi, mganga. Walifika alasiri ya siku ya nane, wanaswaga mbuzi mweusi. Ng'washi aliinama, akaunusa upinde bila kuugusa.

"Mti huu ulikuwa umevalishwa nguo?"

Isidori aliinamisha kichwa. "Niliviona vitambaa, mama."

"Ukakata."

"Nikakata."

Ng'washi alichoma dawa kwenye kigae, moshi ukamfunika Séverine pale mkekani. Kichwa chake kikaanguka kifuani. Kilipoinuka, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kama ya watu wawili wanaosema maneno yaleyale, mmoja nyuma kidogo ya mwenzake.

"Nilikuwa mmoja," ilisema. "Akanipasua, akanichonga. Nami namchonga huyu wake."

"Unataka nini uondoke?" Ng'washi aliuliza. "Mbuzi huyu hapa."

"Mbuzi hakunikata. Nataka mkono ulionikata."

Nkwabi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ng'washi akamsogelea Isidori, akamnong'oneza, "Baba, usijibu haraka. Pepo hili likishaingia kwako, mimi sijui kulitoa."

"Nisipojibu?"

"Mkono huo ukiisha litahamia mguuni. Baada ya hapo unajua mwenyewe."

Isidori alimtazama mkewe. Machozi yalikuwa yanamtoka Séverine, ingawa mdomo ulikuwa unacheka.

"Ukimwacha kabisa," Isidori alisema, "chukua."

Hapo sauti ya Séverine mwenyewe ikapenya, nyembamba, kama ya mtu anayeita kutoka kisimani. "Usikubali, Baba Lucia! Usi..." Ile nyingine ikaimeza.

Lakini alikuwa ameshakubali. Ng'washi akamwamuru avute upinde bila mshale. Alivuta mpaka kamba ikagusa sikio, akaachia. Bomba likapasuka, mti ukamegeka, na baridi ikaingia kwenye ncha za vidole vya mkono wake wa kulia ikapanda polepole mpaka begani. Séverine akaanguka kwenye mkeka, akaomba maji.

"Usishike tena chombo chenye makali," Ng'washi alisema. Aliondoka na mbuzi wake, wala hakuaga.

Mkono wa Séverine ulipata joto siku ileile, na mvua za kwanza zilipofika ulikuwa umejaa nyama, anatwanga, anabeba kuni. Isidori aligawa vyombo vyake vyote, akalima mahindi kwa mkono mmoja, ule wa kulia ameufunga tumboni kwa kitenge. Mkewe alipouliza, alijibu, "Umelala tu."

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mchana mmoja wa mvua, Séverine alikuwa amejinyoosha mkekani. Alisikia vidole vya baridi begani. Kidole gumba kilitua, kidole cha mwisho kikanyooka kuelekea kiwiko, kisha gumba likasogea kukifuata. Shibiri moja. Shibiri ya pili. Alidhani mumewe anambembeleza, akatabasamu, akafumbua macho.

Isidori alikuwa amepiga magoti, jasho linamtiririka, anauvuta mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kwa nguvu zake zote, na mkono haurudi nyuma hata kidogo.

"Mama Lucia," alinong'ona, "inuka ukimbie. Mkono huu unakupima, kama ninavyopima mti."

Séverine hakukimbia. Aliukamata mkono ule kwa mikono yake miwili, akakaza miguu ukutani, akaita majirani, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna aliyesikia. Mkono haukushindana naye. Vidole vilitulia tu juu ya ngozi yake, kimoja baada ya kingine, kama vinasubiri achoke.