Kustaafu Kabla ya Mvi

Siku ya gari la moshi la Dar es Salaam, stesheni ya Tabora hapatoshi. Makuli wanapiga kelele, "Kando! Kando!", wauza karanga wanakimbilia madirisha, na kila mtu anatafuta mtu wake. Katikati ya hekaheka hiyo, kisigino cha kiatu cha Eustadia kikang'oka.

Kiatu chenyewe raizoni ya soli nene, cha juzi tu, rangi ya damu ya mzee. Gauni la maua nalo jipya. Binti wa watu akasimama mguu mmoja akishikilia nguzo, machozi yakimlengalenga.

"Lete hapa, dada."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye kaptura ya kaki na viraka viwili nyuma. Huyo ndiye Kornel, karani wa bohari ya mizigo. Aling'oa msumari kwenye sanduku bovu, akaugongelea kwa jiwe, akamrudishia kiatu kikiwa kizima.

"Ahsante, kaka. Twende nikununulie soda."

"Soda siku hizi bei gani?"

"Mwanaume mzima hujui bei ya soda?"

"Mwaka wa tano huu sijanywa. Kama hutajali, dada, hiyo hela nipe mkononi."

Eustadia alidhani utani. Akamtazama usoni, loo, hakuna utani! Akacheka mpaka kiatu kikataka kung'oka tena, akampa hela yake. Mapenzi yao yalianzia hapo, na asiyeamini shauri yake.

Usimcheke Kornel upesi. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, na mjini maisha yalipanda kila mwezi. Mwaka wa sabini na nne ukame ulipokuja, ndiyo kabisa. Sukari kwa foleni. Kitenge cha dukani kwa Mansukh unakigusa tu, unakiacha. Mshahara wa watu uliisha kabla ya tarehe kumi. Wa Kornel hauishi. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, akala michembe ya viazi vikavu asubuhi na nsansa ya majani ya kunde jioni, akatembea kwa miguu jua na mvua.

"Wenzangu wanastaafu hawana meno," alimwambia Eustadia. "Mimi nitastaafu kabla ya mvi. Nina nyumba ya matofali msituni, kule ndani, mbali na stesheni ya Tura. Nina mizinga ya nyuki mia na ishirini. Zimebaki bati tu. Nikiezeka, sitapigiwa king'ora na mtu tena."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mama mwenye nyumba."

Kama Eustadia alitaka kuwa mama wa nyumba ya msituni, hakumwuliza. Eustadia mwenyewe alipenda taa za mjini, sinema na kanisa lenye kwaya. Lakini alimpenda Kornel kuliko taa, basi akanyamaza.

Kazi yake Eustadia ilikuwa kwenye swichibodi ya stesheni, akiunganisha simu za reli na za ofisi. Kornel alimpigia kutoka bohari kila siku, maana ilikuwa bure.

"Haloo, swichibodi."

"Naomba uniunganishe na moyo wako."

"Laini ina watu, bwana. Subiri."

"Nitasubiri, mpenzi. Kusubiri hakulipiwi."

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu ikaja Jumanne moja ya mwaka ule wa ukame. Eustadia aliunganisha simu ya bwana mmoja wa serikalini kwenda Tura. Kabla hajatoa sikio, akasikia:

"Jumatatu. Walioko msituni wote wahamie kijijini, kando ya reli. Nyumba zitakazobaki zibomolewe. Msitangaze mapema, watakimbia."

"Hata kule kwenye mizinga, mzee?"

"Kule ndiko tutakakoanzia."

Msitu wa Kornel! Hata nusu saa haijapita, bohari ikaita.

"Eustadia! Bati zimefika! Kesho napeleka barua ya kuacha kazi. Jumamosi naondoka nazo, naezeka, mwezi ujao nakuja kukuoa!"

"Usiandike barua hiyo."

"Kwa nini?"

Eustadia alifumba macho. Siku alipoajiriwa aliapishwa kwamba la kwenye simu linazikwa sikioni. Kusikiliza tu ni kosa. Mwenzake mmoja alifukuzwa kwa neno moja.

"Siwezi kusema. Niamini tu, Kornel."

Jioni walikutana nje ya stesheni. Kornel alikuwa amekunja uso.

"Sema sababu."

"Sina ruhusa."

"Sababu naijua mimi. Unataka mji! Unataka raizoni na sinema! Miaka saba nakula michembe, leo nimebakiza hatua moja unanivuta shati!"

"Miaka saba unakula michembe, na mimi miwili unanilisha ahadi! Umewahi kuniuliza kama nyuki nawataka?"

Kornel akageuka. Aliondoka bila kwaheri, na barua akaipeleka. Jumamosi Eustadia alimwona kwa dirisha akipakia bati zake moja moja kama mayai. Mdomo ukafunguka amwite. Ukajifunga. Usiku mzima alilia.

Jumatatu mchana, Tura wakaita. Eustadia alijua kabla hajasikia sauti.

"Wamebomoa," Kornel alisema. "Leo ndiyo nimepata mkokoteni, nimefika nimekuta watu wamebeba milango vichwani. Mizinga imeangushwa, nyuki wamezagaa. Bati tu ndizo nilizookoa. Eustadia. Ulijua?"

Kwenye laini mtu alikohoa. Ile laini ya reli, akiongea mmoja, stesheni zote za njiani huinua simu kusikiliza. Kusema ndiyo ni kukiri kosa mbele ya reli nzima.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumanne. Niliapa, Kornel, niliogopa kazi. Tena sikufichi. Moyo wangu ulifurahi kidogo. Nilisema afadhali, msitu umemkataa, atabaki na mimi. Nisamehe. Nilikuona unapakia zile bati, na sikukuita."

Simu ikakatwa.

Katika masikio yote yale, hakuna lililomchongea. Lakini Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Tura haikuita. Eustadia aliunganisha watu na watu wao. Ijumaa gari liliposimama, alitoka nje bila kujua miguu inampeleka wapi.

Kornel aliteremka mbele kabisa, amekonda, mkono mmoja umevimba kwa nyuki. Hakuwa na bati hata moja.

"Bati ziko wapi?" ndilo neno lililomtoka Eustadia.

"Nimewaachia Tura. Wamama wamelala nje na watoto wachanga." Akamkaribia. "Nilikuja na hasira, Eustadia. Njiani nikawa nakukasirikia stesheni moja, ya pili naikasirikia nafsi yangu. Nilikujengea nyumba bila kukuuliza unapenda kukaa wapi."

"Na mimi nilinyamaza wakati wa kusema."

"Basi leo nauliza. Sina kazi. Sina nyumba. Kesho naomba kibarua cha kubeba mizigo pale pale nilipokuwa karani. Utaolewa na kuli?"

Eustadia alifungua mdomo ajibu. Akaona kitu mkononi mwa Kornel, kipande cha tiketi amekifinyanga mpaka kimelowa jasho. Kwa vile ameacha kazi, hana tena pasi ya bure ya reli.

"Umelipa nauli?"

"Nimelipa."

"Wewe? Daraja la tatu?"

Kornel akaona haya, akatazama chini.

"La pili. La tatu lilijaa, na gari la kesho nisingeweza kulingoja."

"Nitaolewa na kuli," alisema Eustadia, akamkumbatia mbele ya watu wote.