Kurunzi Hamwachi Mtu Aanguke

Foleni ya kahawa kwenye maonyesho ya katuni ya San Diego haikusogea. Wendell, muuza vitabu vya katuni, alikuwa amevaa joho refu la bluu la Kurunzi, shujaa wa katuni aliyempenda tangu utotoni, na kila aliyepita alilikanyaga.

"Samahani, shujaa!" Dada mmoja mwenye gauni la njano aliinua mguu akicheka. "Filamu yake umeiona?"

"Nilitoka kabla hata majina ya waigizaji hayajapita! Kurunzi hamwachi mtu aanguke, hata adui. Ndicho kiapo chake miaka arobaini. Sasa eti anamtazama adui akiporomoka ghorofani, anatabasamu! Aliyeandika upuuzi ule hana haya."

Dada, jina lake Noreen, akaacha kucheka. Kisha akamwomba namba ya simu.

Siku tatu hawakutulia kwa kutumiana ujumbe wa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, nawe uko mbali?"

"Mbali wapi, niko ukumbi wa pili!"

Ijumaa Wendell alimpeleka dukani kwake mjini humo, akaandika jina la Noreen kwenye sanduku moja la rafuni. Kila mteja wake wa kudumu ana sanduku lake, na huwekewa humo matoleo mapya ya katuni kila Jumatano.

Jumapili, kwenye kikao cha filamu ya Kurunzi, mbele ya watu elfu sita, Wendell alishika maikrofoni ya maswali. Akainua macho jukwaani. Kwenye kiti cha mwandishi wa filamu aliketi Noreen.

Hasira ikamtangulia. "Kile kiapo umemuuzia nani, dada?"

Ukumbi ukamzomea Noreen. Akainamisha kichwa. Wendell akaondoka huku anapigiwa makofi.

Baada ya hapo kila alipopiga simu haikupokewa. Usingizi ulimpaa, akawa anapanga rafu zilizokwisha kupangwa. Jumatano ya pili mlango ukafunguliwa.

"Niliandika Kurunzi akimdaka adui," Noreen alisema bila salamu. "Wakubwa wa filamu wakabadilisha, nami nikaogopa kupoteza kazi, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Lakini wewe unayekijua kiapo, uliniona naanguka, ukaondoka na makofi yako."

Wendell aliweka chini vitabu alivyokuwa akivipanga. "Nilikuacha. Nisamehe, Noreen."

Macho ya Noreen yalikuwa rafuni. Sanduku lake lilikuwa palepale, ndani yake matoleo mawili, ya Jumatano mbili.

"Hukulifuta jina langu?"

"Nilijaribu. Mkono ulikataa."

Noreen akampa toleo moja, akaketi juu ya ngazi fupi ya dukani, bado amenuna. "Haya, nisomee."

Wendell alisoma. Kurunzi aliponyoosha mkono kumdaka adui, Noreen aliutia wake mkononi mwa Wendell.