Moshi Nyumbani kwa Febronia

Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na Justa hakuwa amewasha moto. Hakuwa amewasha! Aligusa mafiga, baridi, lakini harufu ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, kile wanachopikia huku Kishapu kuni zikikosekana, ilimkaba koo, na gizani nyuma ya mtungi mtu alikuwa anapuliza moto. Fuuu. Anatulia. Fuuu.

Alimkumbatia mtoto wake Philomena akatoka mbio. Hakupika tena humo.

Nyumba ilikuwa ya Febronia, mjane wa kaka wa Tarsisi, na Tarsisi ndiye baba mkwe wa Justa. Mwaka ule wa 1974, pamba ilipokwisha kuvunwa, vijana wa kijiji walimkata mapanga akafa, wakisema ni mchawi, macho yake mekundu. Shamba akalichukua Tarsisi. Nyumba akampa mwanawe Damian, mume wa Justa. Coletha, binti wa Febronia, alifukuzwa matanga hayajaisha. Eti mwanamke harithi.

Haukupita muda, macho ya Justa nayo yakawa mekundu.

"Mama Philomena," Tarsisi aliita toka uani, maana baba mkwe haingii jiko la mkamwana, ni mwiko, "macho yana nini?"

"Moshi, baba."

"Moshi gani? Tangu lini umepika?"

Jioni Damian akamnong'oneza, "Kimbia kwenu. Baba kawaita vijana." Akimbie wapi, si ndiyo watasema kakiri? Akaingia jikoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Nina mtoto mchanga. Unataka nini?"

Kupuliza kukakoma.

"Marahaba. Waambie shamba ni la nani."

Kulipokucha Tarsisi alifika na vijana wenye mapanga. Justa alisimama mlangoni mwa jiko, mtoto mgongoni, maneno yakamtoka bila kituo: "Shamba ni la Coletha, mama yake mlimuua kwa ajili ya shamba, uchawi mmeutunga, na mimi mkiniua mtasema nimewaroga nini, semeni!"

"Msikieni!" Tarsisi akacheka. "Nani kakufundisha hayo?"

"Mwenyewe yumo ndani. Muulize."

Vijana wakarudi nyuma. Tarsisi akawatazama, akaona haya, mwiko akausahau, akamsukuma Justa pembeni akaingia. Mlango ukajifunga.

Ndani walisikika watu wawili wakikohoa, wakikohoa, Damian naye kaja mbio akiugonga mlango kwa mabega yote na mlango hautikisiki, vijana wameshatimua mbio kuelekea mtoni.

Kisha akabaki anakohoa mmoja, taratibu, kwa sauti ya kike.